Mwongozo Kamili: Kutengeneza na Kuhifadhi Wasifu wa Wi-Fi Kwenye Kompyuta

Wengi wanaoniletea kompyuta zao hapa Mombasa wakilalamika kwamba Wi-Fi imekataa huja na nywila sahihi mkononi, wameiandika kwenye kikaratasi au wameipiga picha kwa simu. Wameiingiza mara tano na kompyuta bado inawaambia kwamba haiwezi kuunganisha. Mara nyingi kosa haliko kwenye nywila wala kwenye ruta, bali kwenye wasifu wa zamani ambao kompyuta imeung'ang'ania.

Wasifu ni kumbukumbu ndogo ambamo kompyuta imeandika jina la mtandao, aina ya ulinzi wake, nywila, na agizo la kuunganisha yenyewe au kusubiri uiagize. Kila unapofungua kompyuta yako, inasoma kumbukumbu hiyo kwanza, kisha ndipo inapoutafuta mtandao hewani. Kumbukumbu ikiwa na habari za mwaka juzi, kompyuta itaendelea kubisha mlango kwa ufunguo wa mwaka juzi. Kosa la pili ninaloliona kila wiki ni la watu wanaohifadhi wasifu zao kabla ya kompyuta kufutwa na kuwekewa Windows upya, kisha wanagundua wakati wa kuzirudisha kwamba walichohifadhi hakina nywila ndani.

Mwongozo huu unashughulikia makosa hayo mawili tangu mwanzo hadi mwisho. Sehemu kubwa inahusu Windows 10 na Windows 11, na mwishoni pana sehemu fupi kwa wanaotumia Linux.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye akaunti ya msimamizi, yaani ile inayoruhusu kubadilisha mipangilio ya mashine nzima. Ikiwa kompyuta ni ya ofisi, omba idhini ya anayesimamia mitambo, kwa sababu baadhi ya hatua zitakataa bila yeye.
- Jina la mtandao kama lilivyo, herufi kwa herufi, pamoja na nywila yake. Kama hukuwahi kuzibadilisha, zote mbili kwa kawaida zimeandikwa kwenye kibandiko kilicho chini au nyuma ya ruta.
- Flashi. Yoyote itatosha, kwa kuwa faili ya wasifu mmoja kwa kawaida haifiki hata KB 2.
- Simu yenye bando na waya wake wa USB. Utaihitaji iwapo kompyuta itapoteza kabisa uwezo wa kuona Wi-Fi baada ya kuwekewa Windows upya.

Shughulikia mitandao yako tu, au ile uliyopewa ruhusa na mwenyewe. Kujiingiza kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, na kumsaidia jirani "kukumbuka" nywila ya duka lililo chini ya nyumba yake kunaweza kukuingiza katika kosa hilo.

## Hatua ya 1: Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi

Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows, andika `cmd`, kisha ubonyeze Ctrl, Shift na Enter kwa pamoja. Windows itakuuliza kama unaruhusu programu hiyo ifanye mabadiliko; kubali.

Usiridhike kwamba dirisha jeusi limefunguka. Tazama maandishi yanayotangulia kiashiria, yaani kistari kinachowaka na kuzima pale unapoandika. Yakisomeka `C:\Windows\System32>` umeingia kama msimamizi. Yakisomeka `C:\Users\` na jina lako, umeingia kama mtumiaji wa kawaida. Funga na uanze tena. Nasisitiza jambo hili kwa sababu Hatua ya 6 haitakuonyesha kosa lolote ukiwa mtumiaji wa kawaida. Itafanya kazi nusu na kunyamaza.

Sasa andika:

`netsh wlan show profiles`

Utapata orodha ya mitandao yote ambayo kompyuta hii imewahi kuihifadhi. Wengi hushangaa hapa, maana huuona mtandao wa hoteli waliyolala Nyali miaka miwili iliyopita, wa simu ya binamu, wa saiba ya Mwembe Tayari, na jina la nyumbani likijitokeza mara mbili au tatu kwa tofauti ya herufi moja.

Ukipata ujumbe kwamba huduma ya mtandao pasiwaya haifanyi kazi, andika `net start wlansvc`, kisha urudie amri ya kwanza.

## Hatua ya 2: Futa wasifu uliochakaa

Ikiwa nywila ya ruta imebadilishwa, au umenunua ruta mpya ukaipa jina lile lile la zamani, usipoteze muda kuingiza nywila mpya juu ya wasifu wa kale. Ufute kabisa:

`netsh wlan delete profile name="Nyumbani Tudor"`

Weka jina la mtandao wako badala ya lile la mfano, na usiache alama za kunukuu, hasa jina likiwa na nafasi katikati.

Sababu ya kufuta badala ya kurekebisha ni kwamba wasifu haubebi nywila peke yake. Unabeba pia aina ya ulinzi. Ruta ya zamani ikiwa ilitumia ulinzi wa aina moja na mpya inatumia nyingine, hata nywila iliyo sahihi kabisa haitafua dafu, kwa kuwa kompyuta inazungumza na ruta kwa utaratibu ambao ruta haiutambui tena.

Tahadhari: usitumie alama ya nyota mahali pa jina. Nyota hufuta wasifu zote kwa pigo moja, na hakuna amri ya kuzirudisha.

Rudia `netsh wlan show profiles`. Jina likiwa limetoweka kwenye orodha, endelea. Kama amri imejibu kwamba jina halipatikani ilhali unaliona kwa macho yako, soma sehemu ya majina yenye hila mwishoni mwa mwongozo.

## Hatua ya 3: Tengeneza wasifu mpya

Kwa mtandao unaoonekana, bofya alama ya Wi-Fi iliyo pembe ya chini kulia mwa skrini, chagua jina, weka tiki ya kuunganisha yenyewe ikiwa ni mtandao wa nyumbani au kazini, kisha ingiza nywila. Bofya alama ya jicho ili uione nywila unayoiandika. Nywila ya WPA2, aina ya ulinzi inayotumiwa na ruta nyingi za nyumbani, huwa na herufi kati ya 8 na 63, na herufi kubwa na ndogo hutofautishwa. Sifuri na herufi O, pamoja na tarakimu 1 na herufi ndogo l, zimewahangaisha watu wengi kuliko hitilafu yoyote ya mitambo ninayoijua.

Ruta nyingi za sasa hutangaza majina mawili, moja la mawimbi ya GHz 2.4 na lingine la GHz 5. Chaguo lako litegemee nyumba. Mawimbi ya GHz 5 yana kasi zaidi lakini hupenya ukuta kwa taabu, na nyumba za Mji wa Kale, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zina kuta nene zinazoyameza kabla hayajafika chumba cha pili. Katika nyumba kama hizo mimi huhifadhi wasifu wa GHz 2.4 peke yake. Katika fleti ya kisasa ya Bamburi au Nyali, ambapo ruta iko sebuleni na meza ya kazi iko sebule hiyo hiyo, GHz 5 ni bora. Laptopu za zamani zisizo na uwezo wa GHz 5 hazitaliona jina hilo hata kidogo. Hilo si hitilafu.

Mtandao uliofichwa una njia tofauti. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika

`ms-settings:network-wifisettings`

kisha Enter. Ukurasa wa mitandao inayojulikana utafunguka bila kukulazimu kuzunguka kwenye menyu. Chagua kuongeza mtandao mpya, andika jina, na uchague aina ya ulinzi. Kwa ruta nyingi za nyumbani jibu ni WPA2 ya binafsi yenye AES, ambayo ni njia ya kufumba data. Kama ruta yako ni mpya na inatumia WPA3 (ulinzi mpya kuliko WPA2) peke yake, chagua WPA3. Mwisho weka tiki mbili, ya kuunganisha yenyewe na ya kuunganisha hata kama mtandao haujitangazi. Tiki ya pili ndiyo inayosahaulika, na bila hiyo kompyuta itakaa ikisubiri jina ambalo halitatangazwa kamwe.

Wako wanaoficha mtandao wakidhani wameulinda. Sikubaliani na mazoea hayo. Kompyuta yenye wasifu wa mtandao uliofichwa hulazimika kuliita jina hilo kila inapokwenda, iwe kwenye kivuko cha Likoni au kwenye mkahawa wa Moi Avenue, na yeyote mwenye programu ya kusikiliza mawimbi analisikia. Nywila ndefu inakulinda zaidi.

Ukiona neno la kuthibitisha kwamba umeunganika chini ya jina la mtandao, na ukurasa wowote wa intaneti ukafunguka, wasifu umekamilika.

## Hatua ya 4: Upe wasifu maagizo yanayoufaa

Fungua tena ukurasa wa mitandao inayojulikana kwa amri ile ile ya `ms-settings:network-wifisettings`, kisha uchague mtandao wako ili uone sifa zake. Mambo matatu yanastahili uamuzi wako.

La kwanza ni kama mtandao ni wa faragha au wa umma. Chagua faragha pale tu unapotaka kompyuta nyingine au printa ya ndani iione mashine yako. Kwingine kote, ikiwemo hotelini na maktabani, uache kuwa wa umma.

La pili ni kikomo cha data. Ikiwa intaneti yako inatoka kwenye simu yenye bando, washa agizo linaloieleza Windows kwamba muunganisho huu unalipiwa kwa kipimo. Windows itaahirisha upakuaji wa masasisho mengi hadi utakapofika kwenye mtandao mwingine. Nimeona bando la wiki nzima likimalizwa na masasisho katika alasiri moja kwa sababu tu mwenye kompyuta hakujua kwamba agizo hili lipo. Liwashe kwenye wasifu wa simu, na uliache likiwa limezimwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani isiyo na kipimo.

La tatu ni kuunganisha yenyewe. Kwa mitandao ya wazi isiyo na nywila, zima. Kompyuta haina njia nyingine ya kuutambua mtandao wa wazi ila kwa jina, kwa hiyo mtu akiwasha kifaa chake na kukipa jina lile lile la mkahawa ulioutembelea mwezi uliopita, kompyuta yako inaweza kujiunga naye bila kukuuliza. Waweza kulizima agizo hilo kwa amri pia:

`netsh wlan set profileparameter name="Mkahawa" connectionmode=manual`

## Hatua ya 5: Panga ni mtandao upi utangulie

Hatua hii ni ya wale walio na mitandao miwili inayofika mahali pamoja, kwa mfano mwenye duka la Biashara Street aliye na ruta ya duka na ya ghala, akakuta kompyuta ya mauzo inarukia ya ghala kila asubuhi.

Kwanza jua jina la kifaa chako cha Wi-Fi kwa `netsh wlan show interfaces`. Kwa kawaida ni `Wi-Fi`, lakini mashine iliyobadilishiwa kifaa huweza kuandika `Wi-Fi 2`. Kwenye matoleo mapya ya Windows 11, amri hii inaweza kukataa hadi uwashe ruhusa ya mahali katika mipangilio ya faragha. Kisha:

`netsh wlan set profileorder name="Dukani" interface="Wi-Fi" priority=1`

Tazama orodha tena kwa amri ya Hatua ya 1. Wasifu huorodheshwa kwa mpangilio wa kipaumbele, hivyo Dukani inapaswa kuwa juu kabisa.

## Hatua ya 6: Hifadhi nakala yenye nywila ndani

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na mimi niliwahi kuanguka pia. Ustadhi mmoja anayefundisha madrasa tatu aliniletea laptopu yake iwekewe Windows upya. Nilihifadhi wasifu zake 11, nikaziona faili zote zimejipanga kwenye flashi kwa majina yake, nikaridhika, nikaifuta mashine. Nilipozirudisha, hakuna hata mmoja uliounganika. Nilikuwa nimetumia dirisha la mtumiaji wa kawaida, na nywila zote zilikuwa zimefungwa kwa ufunguo wa Windows ya zamani, ile ambayo nilikuwa nimeifuta kwa mikono yangu. Ustadhi alilazimika kuzunguka kuomba nywila upya, mahali kwa mahali, kuanzia Mtongwe hadi Bamburi. Hakunilaumu, aliniambia tu, "Haidhuru, fundi." Tangu siku hiyo sifuti kompyuta ya mtu kabla ya kuifungua faili moja na kuisoma kwa macho.

Tengeneza folda kwanza. Amri ya kuhifadhi haitengenezi folda yenyewe, isipoikuta, inakataa.

`mkdir C:\wasifu`

Kisha, ukiwa bado kwenye dirisha la msimamizi:

`netsh wlan export profile key=clear folder="C:\wasifu"`

Kwa kuwa hukutaja jina, wasifu zote zitahifadhiwa. Ukitaka mmoja tu, ongeza `name="Nyumbani Tudor"` kabla ya `key=clear`. Kila faili hupewa jina linaloanza na jina la kifaa, kwa mfano `Wi-Fi-Nyumbani Tudor.xml`.

Sasa ikague. Fungua faili moja kwa Notepad, ushuke hadi sehemu inayofanana na hii:

`<authentication>WPA2PSK</authentication>`
`<encryption>AES</encryption>`
`<keyType>passPhrase</keyType>`
`<protected>false</protected>`
`<keyMaterial>nywila yako hapa</keyMaterial>`

Mstari wa `protected` ndio hakimu. Ukisema `false`, na nywila yako ikasomeka wazi kwenye mstari unaofuata, nakala ni nzima. Ukisema `true`, na mahali pa nywila pakawa na msururu mrefu wa tarakimu na herufi usiokuwa na maana, nakala hiyo haitaifaa kompyuta nyingine yoyote wala hata hii yenyewe baada ya kufutwa. Rudi Hatua ya 1, hakikisha maandishi yanayotangulia kiashiria yanasema System32, na uhifadhi upya.

Tahadhari kubwa: faili hizi ni funguo za nyumba yako zikiwa zimeandikwa waziwazi. Mtu yeyote atakayeiokota flashi atazisoma bila ujuzi wowote. Hamishia folda ya `wasifu` kwenye flashi, kisha uifute ile iliyo kwenye diski ya C kwa Shift na Delete ili isikae kwenye pipa la taka. Usizitume kwenye kundi la WhatsApp la familia, na usiziache kwenye kompyuta ya saiba. Flashi hiyo iweke mahali unapoweka vyeti vyako.

Jambo moja la kuelewa mapema: mitandao ya ofisi kubwa na vyuo ambayo humtaka kila mtu aingie kwa jina na nywila yake binafsi huhifadhi wasifu bila taarifa hizo za siri. Faili itarudisha mipangilio, lakini utaandika jina na nywila yako upya.

## Hatua ya 7: Rudisha wasifu kwenye kompyuta mpya au iliyofutwa

Chomeka flashi, tazama imepewa herufi gani, tuseme E, fungua dirisha la msimamizi, kisha:

`netsh wlan add profile filename="E:\wasifu\Wi-Fi-Nyumbani Tudor.xml" user=all`

Sehemu ya `user=all` inaufanya wasifu upatikane kwa kila anayetumia kompyuta hiyo. Ikiwa mashine ni ya familia na hutaki watoto waunganike na simu yako ya kazi, andika `user=current` kwa wasifu huo.

Ukiwa na faili nyingi, mstari mmoja unatosha:

`for %f in (E:\wasifu\*.xml) do netsh wlan add profile filename="%f" user=all`

Amri hii ni ya dirisha la `cmd` peke yake. PowerShell, ambayo ni ya rangi ya samawati kwenye kompyuta nyingi, itaikataa. Ukiiandika ndani ya faili ya amri yenye mwisho wa `.bat`, kila `%f` igeuze kuwa `%%f`.

Kwa kila faili utaona ujumbe kwamba wasifu umeongezwa. Subiri nusu dakika bila kugusa chochote. Kompyuta ikiwa ndani ya eneo la mtandao mmojawapo uliouagiza uunganike wenyewe, itajiunga nao, na alama iliyo pembeni itabadilika mbele ya macho yako.

Ikitokea kwamba baada ya kuweka Windows upya kompyuta haina Wi-Fi kabisa, hakuna alama wala orodha, tatizo ni dereva wa kifaa, yaani programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa cha Wi-Fi, na si wasifu. Amri `netsh wlan show drivers` itakuthibitishia. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa kwenye simu agizo la kugawa intaneti kupitia USB, na uiache Windows itafute dereva. Zima kwanza upakuaji mwingine wote, kwa kuwa ni bando lako linalotumika. Dereva akishapatikana, rudia hatua hii.

## Kwa wanaotumia Linux

NetworkManager, programu ya kusimamia mitandao inayokuja na mifumo mingi kama Debian, huweka kila wasifu kama faili yenye mwisho wa `.nmconnection` ndani ya `/etc/NetworkManager/system-connections`. Nakili faili hizo kwa `sudo`. Unapozirudisha, faili lazima iwe mali ya root, yaani mtumiaji mkuu wa mashine, na isisomwe na mwingine, la sivyo NetworkManager itaipuuza:

`sudo chown root:root "Nyumbani Tudor.nmconnection"`
`sudo chmod 600 "Nyumbani Tudor.nmconnection"`
`sudo nmcli connection reload`

Ukiihamishia kompyuta tofauti, ifungue na uangalie kama ina mstari wa `interface-name`. Jina la kifaa likitofautiana, futa mstari huo. Kwenye Ubuntu tangu toleo la 23.10, wasifu huhifadhiwa ndani ya `/etc/netplan`, katika faili zinazoanza na `90-NM-`. Kipaumbele hupangwa kwa `nmcli connection modify "Nyumbani Tudor" connection.autoconnect-priority 10`, na namba kubwa ndiyo inayotangulia.

## Mambo yanayokwamisha, na pa kuangalia

Majina yenye hila. iPhone nyingi hujiita kwa jina la mwenyewe likifuatwa na kiambatisho cha Kiingereza (’s) chenye alama ya mkato wa juu uliopinda. Alama hiyo si ile iliyo kwenye kibodi yako, kwa hiyo ukiiandika kwenye amri, kompyuta itasema wasifu haupo. Dawa ni kubadilisha jina la simu liwe neno moja la kawaida kabla ya kuhifadhi wasifu wake. Nafasi iliyojificha mwishoni mwa jina la mtandao huleta tatizo hilo hilo.

Alama za kunukuu zilizopinda. Ukijitumia amri kwa simu kisha ukazibandika, simu huenda ikawa imezipinda alama za kunukuu. Zifute na uziandike upya kwa kibodi ya kompyuta.

Umeunganika lakini hakuna intaneti. Hapa wasifu hauna lawama, na kuufuta hakutasaidia. Andika `ipconfig` na utazame anwani ya kifaa cha Wi-Fi. Ikianza na 169.254, kompyuta haikupewa anwani na ruta. Zima ruta, hesabu nusu dakika, uiwashe. Ikianza na tarakimu kama 192.168, kompyuta na ruta wameelewana, na mara nyingi kilichokatika kiko baina ya ruta na mtoa huduma, au malipo ya mwezi yamekwisha.

Laptopu kongwe na ruta mpya. Ruta iliyowekwa kwenye WPA3 peke yake haitaipokea laptopu isiyoijua WPA3, hata ukitengeneza wasifu mara kumi. Ingia kwenye mipangilio ya ruta uchague hali ya mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Usishuke hadi WEP ili kuiridhisha mashine ya zamani. Ulinzi huo ulivunjwa zamani sana. Kifaa kidogo cha Wi-Fi cha kuchomeka kwenye USB kitaisaidia laptopu hiyo, na ruta itabaki salama.

Kila unapobadilisha nywila ya ruta, rudia Hatua ya 2, ya 3 na ya 6 siku hiyo hiyo, na ufute kwenye flashi faili ya zamani kabla ya kuweka mpya.